Kumpiga Mama Mkwe Shoka kwa Heshima Zote

Fundi kufuli alikuwa ameutafuta moyo wa mama mkwe kwa udi na uvumba, na sasa mama mkwe yuko hapo mbele yake, na sheria zinamtaka ampasue kwa shoka.

Twende polepole. Mama wa mchumba wake, nesi mstaafu, alikuwa amesema neno moja tu kuhusu ndoa: "Jibu nitawapa nikishauona huo mchezo unaomaliza Jumapili zenu." Basi Jumapili hiyo akaja mwenyewe kwenye kibanda cha fundi, akasukuma mashine ya kuchonga funguo pembeni ya meza, akakaa, akavaa miwani, akadai na yeye apewe mhusika. Ni mchezo wa hadithi na dadu unaochezwa mezani, kila mtu na mhusika wake, na mchumba ndiye alikuwa msimulizi. Kazi yake kuendesha mazimwi na kushika kitabu cha sheria. Akampa mama yake tabibu mwenye deraya ya chuma na rungu. Fundi alikuwa shujaa wa shoka. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa mwizi.

"Huyu tabibu ana alama tisa za uhai," mama akasoma karatasi yake. "Tisa kati ya ngapi?"

"Kati ya tisa, mama."

"Na mtu wa kawaida ana ngapi?"

"Nne."

"Basi nina afya. Endeleeni."

Saa nzima mambo yalikwenda kama maji. Halafu Mfalme wa Mifupa, zimwi kuu la mchezo, akamroga tabibu. Msimulizi akasoma kitabu: aliyerogwa huwageukia wenzake, na uchawi haumtoki mpaka mwenzake mmoja amjeruhi.

Mtu mwingine angesikitika. Mama alikunja mikono ya gauni, akarusha dadu, akamtandika mwizi wa kinyozi rungu.

"Nimempiga wapi?"

"Sheria haisemi wapi, mama."

"Gotini basi. Chini kidogo ya kile kifupa. Hapo hata simba analia."

Kinyozi maskini akajikuta anasugua goti lake mwenyewe. "Fundi, mpige bwana. Nimebaki na alama tatu."

"Nimpige nani?"

"Tabibu."

"Na tabibu ni nani?"

Kinyozi akamtazama mama, kisha akaanza kuhesabu mabati ya paa.

Zamu ikamfikia fundi. Sheria yenyewe haina maneno mengi: unarusha dadu ya pande ishirini. Deraya ya mama ilitaka kumi na nne kwenda juu. Chini ya hapo, shoka linakata upepo.

"Mama, shikamoo," fundi akasema.

"Marahaba. Si tumeshaamkiana mlangoni?"

"Naomba radhi, nataka kukupiga shoka."

"Piga."

Akairusha dadu nyuma ya mashine ya funguo, anakoona yeye peke yake. Kumi na saba. Akaifunika kwa kiganja. "Saba," akasema. "Nimekosa. Bahati mbaya sana."

Mama akamalizana na goti la pili. Kinyozi akabaki na alama moja na sura ya mtu anayesubiri basi lililokwisha pita.

Fundi akarusha tena, kulekule nyuma ya mashine. Kumi na sita. "Sita," akasema.

Mama akavua miwani. "Kijana, nimesoma vipimajoto miaka thelathini na moja, vya wagonjwa waliogeukia ukutani. Hiyo ni kumi na sita, naiona kwenye chuma cha mashine kinachong'aa. Na ile ya kwanza ilikuwa kumi na saba."

Hata funguo zilizoning'inia kwenye misumari zilikuwa zinasikiliza.

"Mama, mimi nisingeweza kuku..."

"Unajua sindano inayouma ni ipi? Ya nesi mwoga. Anachoma nusu, anachomoa, anarudia. Mwenye huruma anachoma mara moja. Leo unanidanganya mimi ili usiniumize. Kesho utamdanganya binti yangu, kwa huruma hiyohiyo, mpaka nyumba iwaangukie. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Rusha hapa katikati, nione. Na jibu langu la ndoa liko hapohapo."

Mchumba hakumtetea. Alikuwa amekikumbatia kitabu cha sheria kifuani, macho kwenye meza.

Fundi akavuta pumzi, akaitupa dadu katikati. Ikazungukazunguka, kana kwamba haitaki kuingilia ugomvi wa familia za watu, ikalala.

Ishirini.

"Mungu wangu," kinyozi akanong'ona.

Maana ishirini ni pigo la hatari: dadu ya kupima majeraha hurushwa mara mbili. Fundi akarusha ya pande nane, hadharani. Nane. Akarudia. Saba. Jumla kumi na tano, kwa mama mwenye tisa.

"Uchawi umenitoka?" mama akauliza.

"Umekutoka," binti yake akajibu taratibu. "Na umekufa."

Mama akatazama saa ya mkononi. "Saa tisa na dakika ishirini." Akaandika kwenye karatasi ya mhusika, akatia sahihi. Kisha akamtazama fundi kwa muda, vile nesi anavyokagua mshono wa mwenzake. "Pigo moja. Safi. Waambie wazee wako waje Jumamosi."

Fundi akashindwa kujua kama alie au acheke. Akaishia kumpa pole na kumshukuru marehemu kwa pumzi moja.

Lakini sheria hazikuwa zimemaliza naye. Maiti wa mwenzenu haachwi kwa adui. Aliyemuua ndiye anayembeba, na mbebaji anapunguziwa alama nne katika kila pigo. Shujaa akamtupa mama begani, shoka akalihamishia mkono wa kushoto, akamkabili Mfalme wa Mifupa.

"Nishike vizuri," mama akasema. "Kichwa kinaning'inia."

"Mama, maiti hasemi," binti akasema. "Ukurasa wa sitini na mbili."

"Huyo ni maiti wa watu wengine. Mkwe wangu, inua kichwa changu."

"Ndiyo, mama," fundi akasema, akainua bega lake la kulia pale pale kwenye kiti, na kwa mkono wa kushoto akarusha dadu.