Kukata Kona ya Ukuta

Heriel alikuwa mtu wa sheria. Kwenye duka lake la vipuri, Gerezani, spea ikishatoka haikurudi, hata mteja angelia machozi. Jumapili alasiri alipanda ghorofani kwa kina Jeet, Kariakoo, juu ya duka lao la vitambaa, na sheria zake akapanda nazo.

Huko walicheza vita vya mashujaa. Karatasi kubwa yenye miraba ilitandazwa mezani. Vifungo vya shati vilikuwa watu, viberiti vilikuwa kuta. Matilda, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyesimulia, akaendesha maadui na kuamua mabishano.

Jumapili iliyopita shujaa wa Jeet alianguka, majeraha yakimmaliza. Zarna, mdogo wake Jeet, aliyecheza kama mganga, alikuwa mraba mmoja tu kutoka hapo, kimshazari, na hatua moja ilikuwa imembakia kumfikia amtibu.

"Kuna kona ya ukuta hapo," Heriel alisema. "Haikatwi. Zunguka."

Kuzunguka kulitaka hatua mbili. Shujaa ambaye Jeet alimcheza miezi minane akafa. Heriel alitoa pole, kisha akaeleza kwa kirefu kwamba mchezo usio na sheria ni kelele tu.

Leo aliyelala chini ni shujaa wake yeye. Zarna yuko kimshazari, hatua moja, na katikati yao ni kona ya kiberiti.

Heriel alikohoa. "Mwalimu, hii si ni nguzo? Nguzo ni duara, haina kona."

"Nilisema ukuta."

"Ulisema umebomoka."

"Nilisema ni wa zamani."

Jeet alikuwa akimenya karanga. "Kaka, kutoka Gerezani mpaka hapa umekata kona ngapi za meza za wamachinga?"

"Ile ni barabara," Heriel akajibu, na mwenyewe akasikia jinsi jibu lilivyokaa vibaya.

Matilda akaweka kalamu chini. "Jeet ndiye aliyefiwa. Aamue yeye."

"Apite tu," Jeet akasema.

Heriel alikuwa amejiandaa kwa hoja nne za kupinga kukataliwa. Kwa kukubaliwa hakuwa na hata moja. Akainamia karatasi huku Zarna akikisogeza kifungo chake, na shujaa akainuka, nusu mzima.

"Basi kuanzia sasa kona zinakatwa," Matilda akasema. "Na wote."

Akanyoosha mkono, akavichukua vifungo vitatu vyeusi, fisi waliokuwa wamekwama nyuma ya viberiti tangu mwanzo. Mmoja baada ya mwingine wakapita kimshazari, wakamzunguka shujaa wa Heriel. Dadu zikarushwa mara tatu. Shujaa hakuinuka tena.

Heriel alikitoa kifungo chake mezani. Akavuta karatasi tupu.

"Shujaa mpya anaanza na nguvu kiasi gani?"

"Kidogo sana," Jeet akasema, akamsogezea penseli.