Friji ya Bwana Anguzu na Zahanati ya Abuku

Scovia aliweka kikombe cha chai juu ya seva, mahali pekee penye joto katika ofisi ya kompyuta za zahanati mjini Arua, akafungua skrini nyeusi na kuanza kuandika amri. Kipanya cha kompyuta alishamgawia mtu wa stoo, maana hakukihitaji. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na mwili, zinazoishi ndani ya seva. Kila zahanati ilikuwa na yake.

Asubuhi hiyo bosi wake, Bwana Anguzu, alitaka mashine ya Abuku.

"Abuku zahanati hakuna, mzee," Scovia alisema. "Iko nyasi tu, na mbuzi."

"Wageni wanakuja wiki ijayo kuangalia kompyuta. Nani aliwaambia watakwenda kuangalia mbuzi? Weka."

Basi akaweka. Kwa uvivu wa kawaida wa watu wa kazi yake, hakuanza mwanzo. Alinakili mashine ya Koboko kwa amri moja, akaibadilisha jina, akaipunja diski, yaani nafasi, akaiwasha. Huko Abuku zahanati ikasimama kwenye nyasi, na mwenye mbuzi akalazimika kufungua kamba yake kutoka kwenye kitasa cha mlango.

Kwa kuwa ni nakala, ilikuja na muuguzi Harriet, yuleyule wa Koboko, simu mkononi. Harriet wa Koboko alipopewa habari aliuliza tu, "Huyo mutu iko na kazi Jumapili? Basi ashike zamu yangu." Na kwa kuwa diski ilikuwa ndogo, wagonjwa wakizidi ndani, wa mwisho alijikuta nje kwenye mihogo ameshika viatu. Watu wakazoea, wakapanga foleni.

Driciru, mdogo wake Scovia, alikuwa ameolewa Abuku na mimba yake ilikuwa imekomaa. Kwenda Koboko kwa bodaboda huku uchungu umeshika ni adhabu, kwa hiyo aliingia hapo hapo, akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye makelele.

Kisha umeme wa Arua ukakatika, kama ulivyozoea. Seva ikazimika. Zahanati ikaondoka na muuguzi wake, na mtoto pia, maana alizaliwa ndani yake. Driciru akabaki kwenye nyasi, maziwa yakimlowesha gauni. Umeme uliporudi Scovia akaiwasha mashine, na mtoto akarudi akimalizia kilio kilekile.

"Dada," Driciru alisema kwenye simu, "mtoto iko, halafu hakuna, halafu iko. Mimi nitanyonyesha namna gani?"

Dawa ya shida hiyo ilikuwepo. Ofisi ilikuwa na jenereta, ila jenereta hiyo iliendesha friji ya soda ya Bwana Anguzu, na friji na seva kwa pamoja haikuziweza.

"Mzee, tuchomoe friji. Mtoto wa mdogo wangu anazimika."

"Heh! Na soda ya moto nani atakunywa?"

"Basi mjenge zahanati ya kweli."

Bwana Anguzu akamgeuzia skrini. "Hii ni nini? Imeandikwa Abuku, inafanya kazi. Nijenge mara mbili, mimi mwizi?"

Aibu haikuwahi kumfikia Bwana Anguzu. Labda haikujua ofisi yake iko wapi.

Kwa desturi ya kwao Driciru, mtoto wa kike hutolewa nje siku ya nne, ndipo apewe jina. Siku ilipofika, Ocokoru, mama yao Scovia na Driciru, aliyekuja kutoka Aroi kumlea mzazi, alimbeba mjukuu mpaka mlangoni pa zahanati na kuweka mguu mmoja nje. Mtoto akaanza kuwa mwepesi mikononi. Bibi akarudi ndani haraka.

"Wani," alimwambia mume wa Driciru, "pigia shemeji yako. Mwambie mlango iko karibu sana."

Scovia akaandika amri ya kupanua diski bila kuizima mashine. Sakafu ya saruji ikatoka mlangoni, ikazunguka jiko la jirani kwa heshima, ikafika ukingoni mwa mihogo ya Wani. Juu ya saruji hiyo Ocokoru akamtoa mtoto juani, akamwita Candiru, jina la msichana aliyezaliwa katika shida. Wanawake wakapiga vigelegele. Harriet naye akapiga, bila kuacha simu. Driciru alicheka mpaka akalia.

Huko Arua, wageni walikuwa wamefika. Umeme ukakatika, Bwana Anguzu akawasha jenereta. Scovia alichomoa waya wa friji, bosi akaurudisha, meno yote nje kwa ajili ya wageni. Wakaonyeshwa picha ya skrini iliyochapishwa kwa rangi, Abuku ikiwa ya kijani kabisa, alama ya mashine inayofanya kazi, wakapiga makofi.

Huko Abuku, watu walishuka kidogo, saruji ilipoondoka chini ya miguu yao. Ocokoru hakusogea. Aliacha mikono imekunjwa vilevile, kwa ukubwa wa mtoto, ili akirudi asianguke.

Wani akapiga simu. "Shemeji, umeme iko?"

"Iko," Scovia alijibu, akilia mbele ya wageni. "Iko kwa friji."

Bwana Anguzu akawafungulia wageni soda nyingine. Zilikuwa baridi sawasawa.

Ocokoru alipochoka, Driciru aliingiza mikono yake chini ya mikono ya mama yake, ndipo mama akaitoa yake taratibu.