Mkono wa Jethaju

Kibanda kilisimama ghafla, kikayumba, kikabaki kinaning'inia kwenye kebo juu ya bonde, nusu ya njia kwenda hekaluni. Ndani walikuwa watatu: Nirmaya; Dambar, kaka mkubwa wa mumewe, ambaye yeye humwita Jethaju; na bibi mmoja mwenye njiwa wawili wa kafara kapuni.

Jethaju alikuwa amefumba macho tangu kituoni. Sasa alilishika benchi kwa mikono yote miwili.

"Hebu fumbua, mwanangu," bibi akamchokoza. "Njiwa wangu wanakwenda kuchinjwa, na bado wametulia kukushinda."

"Niache, mama. Nikitazama chini, kunaniita."

Nyumbani wote walijua anavyoogopa mahali pa juu. Lakini Anup, mtoto wa Nirmaya, alipougua, Jethaju ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali, baba yake akiwa kazini Qatar. Leo walikuwa wanaiondoa nadhiri ya kupona kwake, na Jethaju alikataa kubaki.

Nirmaya alitamani kumshika bega. Lakini mke wa mdogo mtu hamgusi Jethaju wake. Tangu aolewe, wakikutana mlangoni yeye hurudi nyuma na kuvuta ushungi.

Mwokoaji, kijana aitwaye Kaji, aliteremka kutoka kwenye kebo akaingia. "Mawingu yale ni ya mvua ya mawe. Tunashuka kwa kamba, mmoja mmoja."

Bibi alishushwa kwanza, kapu kifuani, akimtukana Kaji njia nzima.

Kaji akamfunga Jethaju mikanda. "Dada, mimi nashikilia kamba. Wewe mshike mkono mpaka atoke mlangoni. Peke yake hawezi."

"Ni Jethaju wangu."

"Huku juu hakuna Jethaju, dada. Kuna mtu anatetemeka."

Jethaju akafumbua macho, akanyoosha mkono. "Mama Anup, nishike."

Mkono wa Nirmaya ukarudi nyuma wenyewe, ukajificha ndani ya ushungi. Ilikuwa punde tu. Alipoutoa tena, Jethaju alikuwa amekwisha kuurudisha wake, ameketi sakafuni, macho kayafumba.

"Jethaju, samahani. Nipe mkono."

"Umefanya sawa. Shuka. Mtoto anakungoja."

Nirmaya akashushwa. Kaji alimbembeleza Jethaju, akashindwa. Vibanda vingine vilikuwa vikingoja. Akamwachia blanketi. Mvua ya mawe ikaja, ikakipiga kile kibanda, na Nirmaya akakitazama kutoka chini mpaka mtambo ulipowaka jioni. Kituoni Jethaju alitolewa kwa kubebwa.

Siku hizi hapandi hata darini kuanika mahindi.

Mama mkwe huwasimulia majirani kwa fahari. "Hata kule juu, jamani, hakumgusa! Mkwe wangu ana adabu." Majirani humsifu Nirmaya, naye humimina chai. Jethaju, kama yupo uani, huinuka akaondoka kabla hadithi haijafika kwenye mkono.