Maji Yaliyobaki Kwenye Jarife

Jumanne asubuhi, baada ya kufagia sebule na kuosha vyombo vya jana, mshona nyavu alilitundika jarife, wavu wa kutega wa marehemu mumewe, kwenye misumari mitatu ya ukutani, akaona kuwa maji yaliyomo hayachuruziki. Aliweka beseni chini yake. Ilipofika adhuhuri beseni lilikuwa bado kavu, akalichukua akaenda kufulia.

Maji yalikuwa yamesimama ndani ya matundu ya wavu, kuanzia kamba ya maboya juu hadi kamba ya vizito chini, urefu wa mtu mzima na unene wa ngumi. Hayakumwagika. Yalitikisika kidogo tu pale mlango ulipofungwa kwa nguvu.

Jarife lilikuwa limeletwa na wifi yake, dada wa marehemu, ambaye alilikuta limenasa kwenye magugu pale mto unapokata kona. Marehemu alilitega siku moja kabla ya kupelekwa hospitali, na katika heka heka za ugonjwa na mazishi hakuna aliyekumbuka kwenda kulitegua. Lilikaa mtoni miezi kumi na minne. Wifi alilibeba begani kutoka mwaloni, inapofungwa mitumbwi, hadi nyumbani, akalalamika uzito.

Lakini maji yale hayakuwa ya mto unaopita mwaloni siku hizi. Mto wa siku hizi una rangi ya maji ya kuoshea masufuria, na povu lake hung'ang'ania nguzo za kufungia mitumbwi, tangu kiwanda cha ngozi kilipoelekeza bomba lake juu ya kona. Maji ya sebuleni yalikuwa maangavu kiasi cha kuona nyufa za ukuta nyuma yake. Jarife lilinunuliwa miaka kumi na tisa iliyopita, mwaka waliooana, na maji yalikuwa ya mwaka huo. Perege wapana kama sahani walitokea upande wa dirisha, wakapita taratibu, wakaishia upande wa kabati.

Mwenye nyumba alipita kuangalia. Aliuliza kama ukuta utalowa. Alipoambiwa haulowi, alisema basi hamna neno, akaenda zake.

Saa kumi alasiri mikono ilikuja.

Ilikuwa mikono miwili, iliyoonekana hadi kwenye viwiko, na mshona nyavu aliitambua kabla haijafanya lolote. Kucha ya kidole gumba cha kushoto, iliyong'oka mwaka wa tano wa ndoa yao na haikuota tena, ilikuwa bado ipo, kwani huko majini mwaka huo ulikuwa haujafika. Mikono ilipapasa wavu tundu kwa tundu, kama marehemu alivyozoea kufanya saa hiyo akiwa ndani ya mtumbwi. Samaki wakubwa iliwachomoa, wakatoweka nayo. Wadogo iliwanasua kwa ncha za vidole, ikawageuza vichwa kuelekea mkondo unakotoka, ikawasukuma waende. Kisha ikafika mahali palipochanika, ikafunga kitambaa.

Wavuvi wote huweka alama mahali palipochanika, ili mshonaji asihangaike kutafuta. Marehemu alikuwa na namna yake. Alichana fulana kuukuu, akafunga mafundo mawili, akaacha mkia mmoja mrefu, kwa sababu mkewe hakupenda kuvaa miwani na hakupenda kuambiwa avae.

Mshona nyavu alichukua sindano ya mti, akaivika uzi, akashona. Kesho yake saa kumi mikono ilirudi, ikapapasa pale pale, ikagonga wavu mara mbili kwa vidole viwili. Ndivyo alivyokuwa akigonga sahani yake alipomaliza kula na chakula kimempendeza. Halafu ikatafuta pengine palipochanika, ikafunga kitambaa kingine.

Wakaendelea hivyo wiki mbili. Mshona nyavu alianza kuoga saa tisa.

"Wifi, hebu sema kweli," wifi alimwambia siku moja, akiwa amejinyoosha kwenye kochi na miguu juu ya kigoda. "Kaka yangu alipokuwa mzima ulikuwa unajipaka mafuta hivyo?"

"Alipokuwa mzima alikuwa anarudi ananuka kambare."

"Na sasa?"

"Sasa hanuki."

Wakacheka, kisha wakaitazama mikono ikifanya kazi yake.

Wifi alikuwa muuza samaki. Siku hizi alikuja kukaa mapema kwa sababu hakukuwa na samaki wa kuuza. Chama cha wavuvi kilikuwa na watu thelathini na wawili, wakabaki tisa. Perege waliopatikana walielea ubavu, na hata paka wa mwaloni waliwanusa wakaondoka. Chama kilikuwa kimeandika malalamiko mara tatu, na mara tatu kilijibiwa na ofisi ya maji kwa barua ile ile, yenye mhuri ule ule uliopinda: hakuna kumbukumbu za maji ya zamani za kulinganishia, hivyo haiwezi kusemwa kuwa mto umebadilika. Kiwanda nacho kilisema mto ulizaliwa na rangi hiyo.

Wifi aliutazama wavu. Kisha akaitazama ndoo iliyokuwa karibu na mlango.

"Nimekusikia," alisema mshona nyavu.

"Sijasema kitu mimi."

"Umeangalia wavu, ukaangalia ndoo. Umeshasema."

"Basi kama nimeshasema, nijibu."

Wifi alipoondoka, mshona nyavu alichota kikombe kimoja kwa juu. Maji yalishuka upana wa uzi, na hayakupanda tena. Saa kumi mikono ilipofika juu kabisa, ncha za vidole hazikuonekana mahali pale palipopungua. Zilikatika kama zimeingia ndani ya mkono wa shati. Alikirudisha kile kikombe. Maji hayakukubali kurudi, yakamwagika sakafuni. Akayapangusa.

Yeye mwenyewe alipeleka taarifa kwa afisa wa maji, lakini kwa kuuliza tu. Afisa alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisema maji kama hayo yakipatikana yatasaidia sana, ila vipimo kamili vinahitaji madumu kumi, maana lazima samaki hai wakae ndani yake wiki nzima. Mshona nyavu alipiga hesabu ya jarife akiwa njiani kurudi. Madumu kumi yangeacha ukanda wa chini tu, kiasi cha kiganja.

Alikaa na jambo hilo siku tisa bila kumwambia mtu.

Siku ya kumi alipita mwaloni asubuhi akamkuta wifi na koleo. Vifaranga vya perege vilikuwa vimekufa, vimejaa ukingoni kama maganda ya mchele, na wifi alikuwa akivizoa kwenye toroli ili vifukiwe kabla jua halijakolea. Hakuwa na mzaha siku hiyo. Mshona nyavu alisimama akatazama vifaranga vikimwagwa. Aliwaza wale wadogo ambao mikono iliwageuza vichwa na kuwaachia kila siku saa kumi. Ni huku, kwenye mto wa leo, walikokuwa wakija.

"Mwambie afisa wa maji aje na madumu kumi," alisema. "Kesho asubuhi. Leo nina shughuli."

Alasiri hiyo alichana upindo wa gauni lake. Alichagua mahali katikati ya wavu, usawa wa kifua, ambapo hapakuwa na tatizo lolote, akafunga kitambaa kwa mafundo mawili, akaacha mkia mmoja mrefu. Mikono ilipokuja ilikiona. Ilitafuta palipochanika, juu ya kitambaa, chini yake, kulia na kushoto, haikupata kitu. Ikatafuta tena. Kisha ikatulia, ikakifumbata kitambaa, na ikakaa hivyo mpaka jua lilipohama dirishani. Haikugonga.

Asubuhi afisa wa maji alichota madumu kumi kwa mpira, kwa uangalifu, bila kumwaga hata tone sakafuni. Baadaye alikaa mezani akatoa fomu.

"Mahali?"

"Mtoni. Pale kwenye kona, juu ya mwalo wetu."

"Tarehe ya kuchota ni ya leo."

"Leo umeyatoa ukutani. Maji yenyewe ni ya miaka kumi na tisa nyuma."

Afisa aliigeuza fomu nyuma na mbele. "Nafasi ipo ya tarehe ya kuchota, mama. Ya umri wa maji haipo."

"Basi andika pembeni."

"Nitaandika pembeni," alisema, na aliandika kweli, kwa mwandiko mzuri. Fomu ilipopigwa chapa mjini, pembeni hapakupigwa.

Baada ya wiki tatu tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya mwalo. Lilisema kuwa maji ya mto mahali hapo yamepimwa, na perege walikaa humo wiki nzima wakanenepa. Maji ni safi kuliko yote yaliyowahi kupimwa ofisini. Chini yake kulikuwa na aya fupi: kutokana na matokeo hayo, kiwanda kimeruhusiwa kuongeza bomba la pili.

Wavuvi tisa walilisoma, mmoja akiwasomea waliosahau miwani. Walikubaliana kuwa matokeo ni ya kweli. Mshona nyavu alienda ofisini peke yake.

"Yale hayakuwa ya sasa. Nilikwambia."

"Najua, mama. Ila mtoni ndiko yalikotoka, sivyo?"

"Ndiko yalikotoka."

"Sasa mimi nitapinga nini hapo?" Alimvutia kiti akae. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni.

Nyumbani ukanda wa maji ulikuwa umebaki chini, kwenye kamba ya vizito, na kifaranga kimoja kilienda na kurudi humo. Saa kumi mshona nyavu alikaa sakafuni ili aweze kuona. Ncha za vidole zilikuja, zikapapasa upana wa kiganja, kisha zikapanda na hazikuonekana tena. Juu, kwenye matundu makavu, wavu ulitikisika kidogo. Kitambaa kilijifunga: mafundo mawili, mkia mmoja mrefu. Kisha kingine pembeni yake, na kingine. Marehemu alikuwa akiweka alama kila mahali palipokosa maji.

Wifi aliingia bila kubisha hodi, akiwa na vumbi miguuni. Kule kwenye kona, alisema, wameanza kuchimba mtaro wa bomba. Aliutazama wavu uliojaa vitambaa kutoka maboya hadi karibu na vizito.

"Kuna palipochanika hapo?"

"Hapana."

Mshona nyavu alitoa miwani kwenye droo, akaivaa. Akaivika sindano uzi, akasogeza kigoda hadi pembe ya juu upande wa kushoto, kwenye kitambaa cha kwanza, akaanza kushona.