Kumbikumbi wa Tusekile

Sweta la kijani la shule lilikuwa limekwisha mkono wa kulia, na Tusekile alikuwa ameshatega uzi kwenye mashine ya kufumia ili aanze wa kushoto, alipokumbuka kwamba hajafunika maharage. Akaenda kufunika maharage. Njiani akaona kuku wa jirani kwenye mchicha, akamfukuza. Akaona uzio umelegea, akatafuta msumari. Akiwa anatafuta msumari akakuta kitana kilichopotea tangu Pasaka, akakaa kizingitini akaanza kuchana nywele. Ndipo kumbikumbi wakaanza kutoka.

Walitokea nyuma ya sikio la kushoto, kama kawaida yao, kwanza mmoja mmoja, halafu kwa mafungu, kama watu wanaotoka ibada ya kwanza. Wingu dogo likasimama juu ya bati. Mama Lusia, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyefika kwanza na beseni. Siku zote alifika kwanza, kwa sababu ya ukuta.

"Leo wanene," alisema, akiwachota. "Ulikuwa unawaza nini, Mama Isaka?"

"Msumari."

"Basi endelea na msumari. Juzi uliwaza ada ya shule, wakatoka wakavu wale, hata kikaangio kilikataa. Ndaga fijo, asante sana."

Pale Uyole hakuna aliyeona ajabu. Kumbikumbi wa ardhini huja na mvua za kwanza, wa Tusekile walikuja mwaka mzima, na mboga ni mboga. Mzee wa kanisa aliwahi kutamka kwamba ile ni karama, kisha akaomba sahani. Kilichowaudhi watu kilikuwa masweta. Watoto wengi wa shule ya jirani walivaa sweta la mkono mmoja, na baridi ya Julai ya Uyole haingoji mkono wa pili. Kwa hilo Tusekile aliitwa mvivu. Mwalimu wake alimwita hivyo, mama mkwe akapokea, na mumewe akaendeleza mpaka siku aliyohamia Tunduma kwa mwanamke anayemaliza kupika.

Simu ikaita. Alikuwa Esnath, mdogo wake, aliyeolewa Iringa.

"Dada, nimepata jina."

"Jina la nini? Una mimba?"

"Jina la hili letu! La kuanza na kutomaliza. Daktari wetu wa familia anasema huenda ni ADHD. Kumbe watu wazima nao wanayo. Siyo uvivu, dada. Ni namna ubongo ulivyoumbwa, na dawa ipo."

Tusekile alisikia yote, lakini lililomkaa kooni ni lile la *daktari wetu wa familia*. Wengine wana ng'ombe wa familia. Esnath alikuwa na mume aliyebaki, jiko la gesi, makochi yenye vitambaa, na sasa alikuwa na daktari wake, kama mtu anavyokuwa na fundi cherehani. Na jina juu yake.

"Ila anataka mtu aliyenijua utotoni," Esnath aliendelea. "Mama ndiyo hayupo tena. Umebaki wewe. Njoo unisemee."

Tusekile akapanda basi. Mashine aliiacha na uzi wake umetegwa.

Kihesa, nyumbani kwa Esnath pale Iringa, alikuta nyavu kwenye kila dirisha. Bartholomeo, mume wa Esnath, aliziweka mwenyewe ili kumbikumbi wa mkewe wasiwaudhi wapangaji. "Karibu shemeji," alisema. "Wako utawafungulia mlango wa nyuma." Esnath alianza kumenya viazi akaondoka, na msichana wa kazi akamaliza. Esnath akaloweka nguo akasahau, msichana wa kazi akafua. Tusekile alikaa kwenye kochi akitazama. Nyumba nzima ilikuwa na mikono miwili, na hakuna aliyemwita mdogo wake mvivu. Chai ikamchachia mdomoni.

Kesho yake wakaenda Mlandege, kwenye kliniki. Daktari Clement Kalinga aliwajua watoto wa Esnath kwa majina na kwa chanjo. Kadi ya bima ililala mezani mbele yake. Akauliza maswali taratibu, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya viazi. Utotoni, Esnath alikuwa anapoteza vitu? Alikuwa anaacha kazi katikati? Aliweza kukaa kwenye dawati mpaka kipindi kiishe?

Tusekile alitoka Uyole na majibu ya kweli. Lakini akaviona viatu vya Esnath, vipya, vyote viwili vikiwa na vifungo, akaiona na ile kadi. Majibu ya kweli yakakaa pembeni.

"Hapana," alisema. "Alikuwa mtoto mtulivu. Ukimweka, anakaa. Ungedhani kinu."

"Dada!" Esnath akageuka.

"Si ameniuliza mimi?"

Esnath akayatazama mapaja yake. Bila shahidi hakuna jina, na bila jina hakuna dawa. Hilo wote mle ndani walilijua, na Tusekile alilijua vizuri kuliko wote.

Daktari hakukasirika. "Sawa. Kuna mtu pale nyumbani alikuwa anapoteza vitu?"

"Mimi."

"Nani alikuwa anachapwa?"

"Mimi."

"Mdogo wako je?"

"Hata siku moja."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, mimi nimezaliwa Kilolo, ni kitindamimba. Sikuwahi kuguswa na fimbo. Nikipoteza mbuzi, anachapwa kaka yangu, kwa sababu alikuwepo na hakuona. Mpaka leo kaka hakai vizuri kwenye benchi la kanisa. Kwenu hamkuwa hivyo?"

"Ndivyo tulivyokuwa."

"Basi mtoto ambaye hajachapwa hata mara moja siyo mtulivu. Ni mdogo tu. Hebu niambie ulichapwa kwa nini."

Tusekile akaanza kusema, na alipoanza hakuweza kuacha. Jembe lililobaki mtoni. Mbuzi aliyefungwa kwa fundo lisilokazwa. Uji ulioungua wakati mpishi yuko juu ya mpera anahesabu mawingu. Kila alichosema, kalamu iliandika, na kumbikumbi walitoka nyuma ya sikio lake wakazunguka taa. Muuguzi akaleta karai la maji akaliweka chini ya mwanga, kama wanavyofanya nyumbani, akarudi kwenye kazi zake. Siku hiyo kutoka kwa Esnath hakuruka hata mmoja.

"Lile jembe," Tusekile alisema ghafla, "lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyelisahau. Usimwandikie yeye."

"Una hakika?"

Hakuwa na hakika. Walikwenda mtoni wawili, wakarudi wawili. Walilala kitanda kimoja, na asubuhi kumbikumbi walikuwa wametapakaa juu ya shuka. Mama alifagia, halafu akamchapa mkubwa. Hakuna aliyeuliza wametokea kwenye sikio la nani.

"Inatosha," daktari alisema. "Ushahidi wako umekamilika, mama, na ni mzuri sana. Ninamwandikia bingwa ili Esnath aanze dawa."

Esnath akalia kidogo, kwa furaha, akamshika dada yake mkono. Tusekile akauacha mkono ushikwe. Zile fimbo zote, alizozila peke yake tangu darasa la kwanza, zilikuwa zimevuka meza na kwenda kwa mdogo wake, kama nguo zilizombana mkubwa, ila safari hii zilishuka zikiwa bado mpya.

"Na mimi?" aliuliza.

Daktari akamtoa kumbikumbi mmoja kwenye mkono wa koti lake. "Wewe unayo kumzidi. Hilo halihitaji hata maswali. Ila kadi haina jina lako. Muone daktari wako wa familia, aanze mwanzo."

Tusekile akamfikiria daktari wake wa familia. Pale kwao alikuwa yeyote aliye zamu. "Sawa," alisema, kwa kuwa daktari alikuwa ameshasimama. Muuguzi akawafungia kumbikumbi kwenye mfuko, nusu akabaki nao.

Uyole, aliye zamu alikuwa kijana mpole. Alimtoboa kidole kabla hajafika mwisho wa sentensi. Akamwambia hana malaria, anywe maji, apunguze mawazo. Kisha akamuuliza kama hao kumbikumbi aliokuja nao kwenye kopo anawaacha.

Miezi ikapita. Siku moja Esnath akapiga simu, sauti yake imenyooka kama uzi uliovutwa.

"Dada, nimemaliza kitambaa cha meza. Chote. Pembe zote nne."

Tusekile akayatazama masweta yaliyoning'inia ukutani, kila moja limenyoosha mkono mmoja, kama darasa linalojua jibu.

"Hongera."

"Ila kumbikumbi wameisha. Hata mmoja. Bartholomeo anawaulizia, na mimi mate yananidondoka. Nitumie ndoo, dada. Halafu wako ni watamu. Wangu hawajawahi kuwa watamu hivyo."

Katika maisha yao yote, hii ilikuwa mara ya kwanza Esnath kusema kwamba cha dada yake ni bora. Tusekile alizunguka na sifa hiyo nyumbani siku nzima, akiihamisha kutoka kiti hiki mpaka kile, asijue aiweke wapi. Iliuma kila mahali alipoiweka.

Ndoo ilijaa bila shida. Desturi yao inajulikana: kumbikumbi wa kupelekwa ukweni huchambuliwa mabawa, na ukiwatuma na mabawa yao umetuma dharau. Tusekile akaamua kuwatuma na mabawa. Watafune tu, wakiwakwama kooni daktari wao wa familia atawatoa. Akachukua mfuniko. Halafu akakaa chini, akaanza kuchambua, kwa sababu mikono yake haikuwa imeambiwa. Alipofika katikati ya ndoo akakumbuka kile kiti alichokalia mbele ya daktari kule Mlandege, akasimama, akafanya jambo jingine, akarudi, akafunika, akampa kondakta wa basi la Iringa.

Jioni simu ikaita.

"Dada, nusu ni wasafi, nusu wana mabawa. Umefanya kusudi, au umesahau?"

Tusekile akalitafakari. Lilikuwa swali zuri. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mtu alikuwa anamuuliza habari zake yeye.

"Ngoja," alisema. "Nifikirie vizuri."

Akaiweka simu juu ya mashine, karibu na mkono wa kushoto usiokuwepo, akaenda kufikiria. Njiani akaona uzio bado umelegea, akaanza kutafuta msumari.

"Dada?" simu ilikuwa inasema. "Dada?"

Upande wa pili wa ukuta, Mama Lusia akasikia mabawa, akachukua beseni.