Mwamuzi wa Haji Mongi

Zilibaki siku tatu. Haji Mongi Gharsallah, mfungashaji wa tende kutoka Tozeur, alikuwa Tunis ofisini kwa wakili wake, Sondes, akisikiliza sauti ya mtu wa sita kwenye simu.

"Samahani, bibie. Wapinzani wenu walinijia mwezi uliopita wakitaka ushauri, nami nikawapa. Siwezi tena kuwa mwamuzi wenu."

Sondes akakata simu, akalipiga mstari jina la mwisho kwenye karatasi.

Mitambo ya baridi ambayo Haji aliinunua kwa Waitaliano ilizimika katikati ya mavuno, tende zikachacha ghalani, kila upande ukamtupia mwenzake lawama. Mkataba ulisema kesi iamuliwe na waamuzi watatu: kila upande uteue wake, na hao wawili wamchague mwenyekiti. Lakini kulikuwa na kifungu ambacho Haji alikitia saini bila kukisoma. Ukishindwa kuteua ndani ya siku thelathini, mwamuzi wa mwenzako ataamua peke yake.

"Kwa hiyo wamewapitia wote sita wanaoijua kazi hii," Haji alisema. "Wakawanywesha kahawa, wakawauliza maswali mawili matatu."

"Ndiyo, ami. Na hakuna sheria inayokataza kunywa kahawa."

"Basi mweke binamu yangu Ridha. Ana shahada yake."

"Watampinga kabla hajakaa kitini."

Haji alifungua dirisha.

"Yupo mmoja hawakumfuata," Sondes alisema taratibu. "Zohra Belkadhi."

Haji aligeuka. Miaka kumi na moja nyuma, katika kesi ya urithi, Jaji Zohra aliamua kwamba kisima cha marehemu baba yao kiwe cha kaka yake Haji, si cha Haji. Tangu siku ile ndugu hao hawajasalimiana.

"Unanitania, mwanangu."

"Sikutanii. Amestaafu, na kesi za mitambo anazijua. Hawakumwendea kwa sababu walijua huwezi kumtaja."

"Walijua vizuri."

"Na sasa watampinga kwa lipi? Kwamba anakupendelea?"

Siku mbili Haji alijifungia kwa dada yake huko Ariana. Kila akikumbuka jina alimpigia Sondes, na kila jina Sondes alilitolea kasoro: huyu mkwe wa Haji, yule mshirika wake wa zamani. Siku ya ishirini na tisa asubuhi alirudi ofisini, akaomba kalamu, akatia saini bila kuketi.

Zohra alikubali alasiri ile ile. Aliandika barua kwa pande zote mbili akiieleza kesi ya kisima bila kuficha, kisha akamwambia Sondes, "Mteja wako asinipigie wala asinisalimie mpaka tumalize."

Waitaliano hawakupinga.

Kwenye kikao cha kwanza Zohra aliketi kushoto kwa mwenyekiti, nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Alilisoma jina la Haji kama la mtu asiyemjua.

"Bwana Gharsallah, nani alikuwa zamuni mitambo ilipozimika?"

Lilikuwa swali ambalo Haji aliomba lisiulizwe, kwani jibu lake lingeweza kuitupa lawama nyumbani kwake. Alimtazama Sondes, Sondes akainamia karatasi zake.

"Mwanangu wa kwanza," Haji alisema.

Zohra akaandika. Haji alibaki amesimama, akingoja swali linalofuata.