Nyusi ya Kushoto

Nitasema mapema ili tusije tukagombana baadaye: mimi nikishika uso wa mtu, uso ule unapona. Sijisifu, wateja wenyewe ndio wanaosema. Kinachonikera ni watu wanaodhani kupaka ni kumwaga. Mtu ana ngozi kavu kama gome, hajagusa losheni tangu juzi, anajirushia poda juu yake, halafu anashangaa kuonekana ametoka kiwanda cha saruji. Losheni kwanza, jamani. Ingoje inywewe na ngozi, unywe na wewe chai yako, ndipo mengine yafuate.

Jumamosi ile, hata hivyo, uso wangu mwenyewe haukuwa na kitu. Mchumba wangu, ambaye ni fundi wa lifti na watu wote wanamwita Fundi tu, alikuwa amenibembeleza wiki nzima nisijipake kitu. Jioni mama yake alikuwa anakuja kwetu kuniona kwa mara ya kwanza, na mama huyo alikwishatangaza kwamba mwanamke mpaka rangi usoni haingii kwenye ukoo wake. Fundi ni mtoto wake wa pekee, baba alishafariki, na aliniambia bila kuzunguka kwamba bila baraka za mama yake hakuna ndoa. Nilimpenda, nikamkasirikia, nikanawa uso kwa maji matupu. Hata chunusi zangu za kidevuni niliziacha zijitetee zenyewe.

Ruhusa niliomba, Bosi akakataa. Jumamosi saluni yetu hujaa mpaka watu wanasubiri kwenye ngazi, draya zote zinanguruma, na harufu ya dawa ya nywele inakufuata hadi nyumbani. Nikaenda kazini nikihesabu kwamba nitatoka saa tisa niwahi kupiga deki kabla ya wageni.

Kabla ya adhuhuri aliingia mama mmoja amejifunga mtandio hadi kidevuni na miwani nyeusi juu ya pua. Alipovua miwani ili aone pa kukaa, nikamtambua papo hapo. Ana doa dogo jeusi juu ya mdomo, na uso wake hutokea kwenye simu ya Fundi kila anapompigia. Yeye hakunijua. Fundi alishawahi kutaka kumwonyesha picha yangu, mama akakataa akisema mtu haonwi kwenye simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaniinamia sikioni kama mtu anayeuliza bei ya magendo. "Nataka kupakwa. Lakini isijulikane nimepakwa."

Ningesema mimi ni nani, angekimbia, na mambo yangu yangeishia pale mlangoni. Ningenyamaza, ningemshika mama mkwe uso mzima bila yeye kujua. Nikanyamaza, na nikiri tu kwamba nilikuwa na furaha ya mtoto aliyepewa ufunguo wa duka.

Nilimkanda uso kwa taulo la uvuguvugu. Ngozi nzuri mno, ila pembeni mwa mdomo imekauka na mashavuni jua limeacha alama.

"Unapaka nini, mama?"

"Mafuta ya mgando. Asubuhi na mchana nikitoka."

"Hayo yaweke usiku. Mchana paka losheni ya kuzuia jua, hata kukiwa na mawingu. Na usisahau shingo, shingo ndiyo inayotoa siri ya umri."

Alinuna, lakini niliona midomo yake ikirudia maneno yangu polepole asije akayasahau.

Rangi ya fandesheni nilimpimia kwenye taya. Wengi hupimia mgongo wa mkono, na mkono haujawahi kufanana na uso hata siku moja. Mkono unafua nguo. Kisha nikamwinua tukasogea mlangoni kwenye mwanga wa nje, kwa sababu taa za saluni husema uongo. Rangi ikapotea kwenye ngozi yake kama maji kwenye mchanga. Tukarudi kitini.

"Kuna harusi, mama?" nilijitia hamnazo.

"Harusi gani. Naenda kumwona msichana anayetaka kunichukulia mwanangu. Nasikia naye ni wa saluni, kama nyie."

"Kumbe."

"Huko kwao watakuwa wamejipamba kama mapazia. Sasa mimi nikikaa katikati yao na uso huu si nitaonekana gunia?"

Nilitaka kucheka, nikataka kukasirika, na katikati ya hayo mawili nikamwonea huruma. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mama wa watu alikuwa anatuogopa.

Zikabaki nyusi. Zake zilikuwa zimepungua, mikia imekwisha kabisa. Sasa, mimi nina desturi yangu: nachora nyusi ya kulia kwanza, nampa mteja kioo ajilinganishe upande kwa upande, akikubali ndipo nashika ya kushoto. Desturi hiyo imeniletea wateja wengi, na siku ile nusura inikoseshe mume. Nilichora vistari vyembamba kimoja kimoja kama vinyweleo, nikaanzia mkiani, nikavilainisha kwa kiburashi mpaka wanja ukasahaulika. Nikampa kioo. Hakuwa na miwani yake ya kusomea, akakisogeza kioo karibu na pua.

"Huyu ni mimi," alisema taratibu, akajigusa shavu.

Nilikuwa ndiyo nashika penseli kwa ajili ya ule upande wa pili mteja wa kwenye sinki alipoanza kupiga kelele kwamba kichwa kinawaka. Mwenzangu aliyemweka dawa alikuwa nje anaongea na simu. Dawa ya nywele ikianza kuunguza haina subira, na mtu akiiacha kidogo tu unaweza kuona nywele zinatoka na kidonda kinabaki. Nilitupa kila kitu nikakimbia. Nikamwosha kwa maji mengi, nikamrudia na shampuu mpaka povu likawa jeupe, huku namgombeza: ukijikuna jana, leo usiweke dawa, nani asiyejua hilo? Alikuwa analia na kuomba radhi kwa pamoja.

Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu.

"Mteja wako kaenda," alisema Bosi. "Mwanawe kampigia simu anamfuata, kavaa miwani yake kaondoka. Kasema una mkono mzuri."

Kifuniko cha penseli kilikuwa sakafuni pale nilipokitupa, nikakiokota. Nikakitazama, nikatazama kiti. Mama mkwe wangu alikuwa barabarani na nyusi moja.

Nimpigie Fundi nimwambie nini? Kwamba mama yako, yule asiyetaka mpaka rangi, nimempaka, tena nusu? Hiyo siri haikuwa yangu kuitoa. Nikatia penseli kwenye sidiria, nikamwomba Mungu mama yule asikutane na kioo wala na shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea, na mdomo wake haujawahi kupitwa na kitu. Mtu akiingia kwetu na kifungo kimoja kimekatika, atakijua kabla hajasalimiwa. Nilipofika nyumbani alikuwa amekwishapanga viti na kuvaa kitenge chake cha wageni. Nilipiga deki kama mwehu.

"Punguza," aliniambia. "Anakuja kukuona wewe, hakuja kuiona sakafu."

Wakafika. Nikiwa jikoni nilisikia salamu, nikasikia viti vikivutwa, kisha sauti ya Shangazi niliyokuwa naiogopa.

"Karibu, mwenzangu. Sasa vua miwani utuone wenyeji, humu ndani hakuna jua."

"Macho yananiwasha," alijibu mama.

Kumbe anajua ana nyusi moja. Nilishika sinia la maji nikaingia. Fundi amekaa wima kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mama yake amejikunja pembeni ya kochi na miwani yake nyeusi, mtandio umeshushwa hadi kwenye paji. Nilipopiga goti kumpa glasi, akaniangalia. Akaishusha miwani kidogo sana, akanichungulia kwa juu, akairudisha glasi kwenye sinia bila kuinywa.

"Macho yatakuwa yameingia vumbi," niliwahi kusema. "Twende chumbani mama, nikakusafishe kwa maji baridi."

"Mletee hapahapa," alisema Shangazi, ambaye hakutaka kukosa lolote.

"Mwache anipeleke," alisema mama, na tayari alikuwa amesimama.

Nikafunga mlango wa chumbani kwa komeo. Akavua miwani. Ile nyusi ya kulia ilikuwa nzuri kuliko nilivyoikumbuka, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe: upande mmoja malkia, upande wa pili mtu aliyekatiwa usingizi.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Pale asubuhi ulikuwa unanijua?"

"Tangu ulipoingia."

"Na ukaniacha niseme yote yale. Mapazia."

"Na gunia," nikamkumbusha. Mdomo wangu nao, siku nyingine huwa hauniulizi.

Akanikazia macho. Nilidhani ndiyo basi, kila kitu kimevunjika. "Nimejiona kwenye kioo cha gari," alisema. "Nikataka nimwambie mwanangu ageuze. Nikasema, wamenifanyia makusudi wanicheke."

Nikamweleza yule mteja wa kwenye sinki, nikamwomba radhi, na kifuniko cha penseli nikamwonyesha. Kutoka sebuleni tulimsikia Shangazi akimhoji Fundi kama lifti hizo haziwezi kuanguka.

"Kuna njia mbili, mama," nilisema. "Nina pamba na mafuta. Naweza kufuta ile ya kulia sasa hivi, urudi na uso wako wa kila siku, na mimi sijakuona maishani. Au nichore ya kushoto."

Alikuwa ananitazama kidevu.

"Mbona wewe hujapaka kitu? Mtu wa saluni mzima, na chunusi nje nje."

"Mwanao kanikataza. Amesema hupendi."

Akakaa kitandani kwangu. "Mjinga yule," alisema. Kisha akafumba macho na kunipa uso. "Chora."

Nikatoa penseli. Mkono ulikuwa unatetemeka vibaya. Nimechora maharusi na majirani bila wasiwasi, lakini huu haukuwa uso, ulikuwa hukumu yangu. Vistari viwili vya kwanza nilivifuta. Mama, bila kufumbua macho, akakishika kiwiko changu akakiegemeza begani pake. Mkono ukatulia. Nikaanzia mkiani, kinyweleo kimoja kimoja, nikamaliza kwa kiburashi, na nilipokaa nyuma kuangalia sikuona wanja. Nilimwona mama wa Fundi, amependeza.

Nikampa kioo, akajiangalia pande zote mbili, tukarudi sebuleni bila miwani.

"Haa," alisema Shangazi, akamzunguka kwa macho. "Kumbe mwenzangu ni kijana hivi. Ngozi yenyewe kama ya msichana. Unatumia nini?"

Mama akatazama zulia. "Maji na sabuni tu."

"Umesikia?" Shangazi alinigeukia. "Maji na sabuni. Kila siku nakwambia hayo madude yako ni kuchafua nyuso za watu."

"Ndiye mama yangu huyo," Fundi naye akadakia kwa fahari. "Wanja hajaugusa tangu azaliwe."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Neno moja tu lingetosha, na nyumba nzima ingegeuka juu chini. Sikulisema. Siri ya uso ni ya mwenye uso, hata kama inakugharimu. Nikaokota sinia nikageuka kwenda jikoni, na nilikuwa nimekwisha kukata tamaa.

"Weka sinia chini," alisema mama. "Njoo ukae hapa."

Nikakaa kando yake.

"Nimesema uongo," alisema, akimtazama Shangazi usoni. "Huu uso kanitengeneza huyu. Asubuhi nilikwenda saluni kwa kujificha, nikamkuta yeye bila kumjua, na nilimtukana yeye na nyumba yenu huku ananipaka. Ya kulia hii aliichora wakati ninamtukana. Ya kushoto kaichora sasa hivi huko chumbani, akiwa anajua ndoa yake iko mkononi mwangu. Hebu sogea, niambie ipi ni ipi."

Shangazi, ambaye hapitwi na kitu, akavaa miwani yake ya kusomea. Akainama karibu kabisa, akahama kulia, akahama kushoto, akarudi tena kulia.

"Mbona sioni tofauti?" alisema mwishowe.

"Hata mimi sikuiona. Nimtukane nisimtukane, mkono wake ni uleule," alisema mama, akanishika mkono. "Ndiyo maana huyu ni mkwe wangu."

Fundi alisimama, na sidhani alijua anasimama kwa ajili gani. Mimi nililia pale pale mbele ya wageni na wenyeji, machozi yakishuka hadi shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nikashukuru kwamba sikuwa nimepaka wanja.